SAA TATU HADI SAA KUMI NA MOJA: WIMBO WA KAZI NA HESABU YETU

Mazungumzo ya Kamati ya Elimu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

Miaka kumi si mchezo. Vikundi vingi vilianza wakati mmoja na chetu, na vingine vilikufa kabla ya kugawana mara ya pili. Sisi tupo. Sanduku lipo, funguo tatu zipo kwa watu watatu, na daftari halijapotea hata siku moja. Kwa hilo tujipigie makofi kwanza, ndipo tuendelee.

Kila mwaka kamati yetu huleta mada. Tumeshazungumza juu ya riba, juu ya dhamana, juu ya mirathi na juu ya kuandika hesabu. Safari hii mama mmoja alisimama katika mkutano wa Alhamisi akatuuliza, "Jamani, kila siku fedha, fedha. Hiyo kazi inayoleta fedha mtaizungumza lini?" Tukaona ana haki. Basi leo tunazungumzia kazi, na tumeamua kupitia kwenye wimbo, maana leo ni sikukuu na hotuba kavu haishuki kooni.

Wimbo wenyewe unaitwa "9 to 5", wa Dolly Parton, mwanamuziki wa Marekani. Wengi wenu mnaujua kwa sauti, pengine si kwa maneno. Wenzetu wa Kenya ndio wanaoongoza kwa kuupenda muziki huu wa country, na huko nyimbo za Dolly Parton, Jim Reeves na Kenny Rogers zimepigwa redioni miaka mingi, lakini hata hapa kwetu si mgeni. Hatutauimba, maana sauti zetu mnazijua. Tutausimulia, tueleze ulikotoka, kisha turudi nyumbani kwenye mambo yetu. Kuna jambo moja zito tunatakiwa kuliamua kwenye mkutano mkuu ujao, na wimbo huu unalihusu.

WIMBO UNASEMA NINI

Kwanza jina. Saa zao tatu na saa zetu si moja. Wanaposema "9 to 5" wana maana ya saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yaani saa za ofisini. Wimbo unaanza asubuhi mtu akijikokota kutoka kitandani, anatafuta kikombe cha kahawa kimtoe usingizi, kisha anatoka kuingia katika msongamano wa watu waendao kazini kama yeye. Huko kazini anajituma. Akili anayo na maarifa anayo. Bosi anayatumia hayo maarifa, anasifiwa yeye, na aliyeyatoa hatajwi. Cheo hakipandi. Mshahara unatosha kumfikisha mwisho wa mwezi tu, ili mwezi mwingine uanze.

Hayo ni maneno ya uchungu, lakini mdundo wake ni wa furaha. Usipojua lugha utadhani ni wimbo wa harusi. Na hilo sisi tunalielewa vizuri. Bibi zetu walipokuwa wakitwanga na kusaga waliimba, na katika nyimbo hizo waliwasema wakwe, waliwasema waume, waliisema hata njaa, huku mchi unapanda na kushuka. Aliyepita njiani alisikia nyimbo nzuri. Aliyekuwa kinuni alijua kinachosemwa.

Na katika nchi yetu wimbo na kazi vimekaa pamoja muda mrefu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipobadili jina kuwa Juwata na baadaye OTTU, bendi nayo ilibadili jina, na ndiyo hiyo mnayoijua kwa jina la Msondo Ngoma. Wanamuziki wale walikuwa waajiriwa. Kwa hiyo wafanyakazi waliwaimbia wafanyakazi. Tusione ajabu basi kwamba huko Marekani wimbo wa kazi uliandikwa na mtu aliyekuwa kazini.

Nao uliandikwa hivi. Dolly alikuwa anaigiza sinema yake ya kwanza kabisa. Kabla ya kukubali alitoa sharti moja, kwamba wimbo mkuu wa sinema hiyo autunge yeye. Pale wanapopigia picha kuna kungoja kwingi, na yeye alikuwa amevaa kucha ndefu za bandia. Akiwa amekaa, akazikwangua kucha zake moja juu ya nyingine, akasikia zinatoa mlio kama taipureta ya ofisini. Akaanza kutunga hapo hapo. Wimbo uliporekodiwa, mlio wa zile kucha uliwekwa ndani, na kwenye jalada la santuri akaandikwa kuwa ndiye mpiga kucha! Wimbo ulitoka mwishoni mwa mwaka 1980, na Februari 1981 ulishika namba moja katika orodha kuu ya nyimbo zinazopendwa Marekani, baada ya kushika namba moja katika nyimbo za country. Ulipata tuzo mbili za Grammy, na ulipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ingawa haukuipata.

Hebu tulitazame hilo. Mwanamke amekaa anangoja kuitwa, hana ala ya muziki mkononi, ana kucha tu. Kwa kucha hizo akapata wimbo ambao watu bado wanaucheza baada ya miaka zaidi ya arobaini.

MAKARANI WA BOSTON

Sasa, wimbo ulitokana na sinema, lakini sinema ilitokana na nini? Hapa ndipo penye somo kwa kikundi kama chetu.

Mwaka 1973 katika mji wa Boston, wanawake wachache waliokuwa makarani na wapiga chapa walianza kukutana. Waliowaongoza walikuwa Karen Nussbaum na Ellen Cassedy. Walikuwa wameanza na gazeti dogo tu la kuwagawia wanawake wenzao. Kikundi chao walikiita 9to5, kwa saa zao za kazi. Malalamiko yao yalikuwa haya: mshahara mdogo, kutopandishwa cheo, kuitwa "wasichana" hata mtu akiwa na wajukuu, kutumwa kahawa na shughuli za nyumbani kwa bosi, na kumfundisha kazi kijana wa kiume ambaye baada ya miezi michache anakuwa mkubwa wako.

Hilo la mwisho limewagusa wengine humu ndani, tunajua. Tunaye mwenzetu mmoja, leo ni mwanachama hodari, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi moja miaka mingi. Vijana watatu walipita mikononi mwake, akawafundisha majalada, akawafundisha barua inaandikwaje, akawafundisha hata namna ya kumjibu mgeni. Wote watatu walimpita cheo. Alipostaafu alipewa khanga na saa ya ukutani. Anapotusimulia anacheka, nasi tunacheka naye, lakini ni kicheko cha kinuni kile tulichokitaja.

Wale wanawake wa Boston hawakuwa na fedha wala hawakuwa na chama kikubwa nyuma yao. Walikutana saa za chakula cha mchana, wakaandika madai yao katika karatasi, wakayapeleka mbele za watu. Karen Nussbaum alikuwa rafiki wa mwigizaji Jane Fonda, na Jane Fonda aliposikia habari za makarani hao akasema hii inafaa iwe sinema. Wasanii hao waliwasikiliza makarani wenyewe kabla ya kupiga picha. Ndipo ikapatikana sinema iliyotoka Desemba 1980, Jane Fonda, Lily Tomlin na Dolly Parton wakiigiza wanawake watatu wa ofisi moja.

Kwa ufupi, yule wa Lily Tomlin ni mjane mwenye watoto wanne. Ndiye aliyemfundisha bosi kazi, na cheo anachostahili anapewa mwanamume. Wa Jane Fonda ameachwa na mume, anaanza kazi kwa mara ya kwanza akiwa hajui hata mashine ya kunakili. Wa Dolly ni katibu muhtasi ambaye bosi amemzushia uongo kwamba ni hawara yake, hivyo wenzake wanamkwepa bila yeye kujua sababu. Watatu hao hawaanzi wakiwa marafiki. Wanapokaa pamoja na kuambiana ukweli, wanagundua kwamba aliyewagombanisha ni mmoja. Ikafika mahali wakamfungia bosi nyumbani kwake, na wakati yeye hayupo wakaiendesha ofisi wao. Wakaweka mahali pa kulelea watoto, mshahara sawa kwa kazi sawa, na saa za kazi zinazomfaa mzazi. Na kazi ikaenda vizuri zaidi kuliko zamani.

Jamani, hatuwashauri kumfungia mtu yeyote ndani! Ile ni sinema ya kuchekesha. Lakini mpango wao wa ofisi haukuwa wa kuchekesha. Yalikuwa madai halisi ya makarani halisi. Na mwaka 1981, wakati wimbo unapigwa kila mahali, viongozi wa 9to5 pamoja na chama kikubwa cha wafanyakazi wa huduma walianzisha chama cha wafanyakazi wa ofisini kilichoenea nchini mwao. Wimbo haukuwaletea haki peke yake. Kikundi kilikuwapo kabla ya wimbo, na wimbo ukakisaidia kusikika. Mpangilio huo tuukumbuke, kikundi kwanza, sifa baadaye.

SAA ZETU SISI

Saa nane za kazi nazo hazikutoka mbinguni. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakizidai, damu ikamwagika, na ndiyo asili ya Mei Mosi tunayoiadhimisha. Marekani ilitunga sheria ya saa za kazi mwaka 1938. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa afanye kazi ya kawaida isiyozidi saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa mapacha, na inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Wale wenzetu walioajiriwa, hata wa kazi za ndani, waijue sheria hii na waidai.

Lakini wengi wetu humu ndani nani ametuajiri? Tuhesabu siku ya mama ntilie. Anaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto na kuchemsha maharage. Saa kumi na mbili chai na maandazi viko mezani. Mchana wali na ugali. Alasiri anaosha vyombo na kwenda sokoni kutafuta vya kesho. Jioni anarudi nyumbani, na huko kuna chakula kingine cha kupika, madaftari ya watoto ya kutazama, nguo za kufua. Analala saa tatu usiku akiwa na bahati. Hizo ni saa 17. Kwa siku sita ni saa 102, zaidi ya mara mbili ya zile 45 za sheria. Na Jumapili hatujaihesabu, maana Jumapili kuna msiba au kuna harusi.

Huyu mama hana siku 84. Hana bosi wa kumdai. Akilala siku moja, moto umezimika siku hiyo. Ndiyo maana tangu mwaka wa kwanza tuliweka mfuko wa jamii kando na hisa. Mwenzetu akijifungua, tunampelekea fedha ya kumkalisha nyumbani. Akifiwa, vivyo hivyo. Watu wa nje wanaona ni sadaka. Sisi tunasema hiyo ndiyo likizo yetu, tumejitungia sheria wenyewe na tunajilipa wenyewe.

Dolly mwenyewe aliurudia wimbo wake mwaka 2021 kwa ajili ya tangazo la kampuni inayotengeneza tovuti. Akaugeuza jina uwe "5 to 9", yaani saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, kuwasifu watu wanaotoka ofisini kisha wanaanza biashara zao wenyewe. Wengine walifurahi. Wengine huko kwao walilalamika, wakasema wimbo wa kumtetea mfanyakazi sasa unamsifu kwa kufanya kazi mbili, wakati anafanya mbili kwa sababu ya kwanza haimlishi.

Sisi tuna la kusema hapo, maana tunawajua wa pande zote mbili. Yupo mwalimu kati yetu anayeuza batiki jioni kwa sababu anaipenda, rangi zinamtuliza baada ya kelele za watoto. Na yupo anayekaanga samaki usiku kwa sababu mshahara wa kufagia maofisi unaisha tarehe kumi. Ukiwapita barabarani wote wawili utawaita wachapakazi. Lakini mmoja akiumwa anapumzika, na mwingine akiumwa anakaanga na homa yake. Kazi ya pili ni jambo zuri pale ambapo mtu anaweza kuiacha. Shabaha ya kikundi chetu iwe kumfikisha kila mwanachama mahali ambapo anaweza kuiacha akitaka. Kumsifu tu kwa kutolala hakumsaidii.

NANI MWENYE WIMBO

Sasa tunafika kwenye lile jambo zito.

Dolly Parton alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika milima ya Tennessee, mtoto wa nne kati ya watoto 12. Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku asiyejua kusoma wala kuandika. Daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Sisi wenye mashine ya kusaga tunaijua thamani ya gunia hilo. Alipomaliza shule mwaka 1964 alikwenda Nashville kutafuta maisha kwa nyimbo zake.

Mwaka 1973 alitunga wimbo mwingine, "I Will Always Love You", na mwaka uliofuata ukawa namba moja katika nyimbo za country. Elvis Presley, ambaye wakati huo hakuna asiyemjua, akataka kuuimba. Dolly alifurahi kupita kiasi. Kisha meneja wa Elvis, Tom Parker, akamweleza sharti lao, kwamba Elvis akiimba wimbo, nusu ya haki za wimbo huo lazima iwe yao. Hatua moja mbele ya mlango, akaambiwa toa nusu.

Akakataa. Amesema mara nyingi kwamba alilia usiku kucha, na kwamba watu walimwona mjinga. Elvis alifariki mwaka 1977 bila kuutoa wimbo ule. Miaka ikapita. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba katika sinema ya "The Bodyguard", ukakaa namba moja Marekani wiki 14 mfululizo, ukaimbwa dunia nzima, na hapa kwetu ukapigwa kwenye kila harusi ingawa ni wimbo wa kuagana! Mrabaha wa mtunzi ukaenda kwa Dolly, bila mtu wa kugawana naye nusu ile.

Na alichokipata hakukila peke yake. Mwaka 1995, kwa kumkumbuka baba yake asiyejua kusoma, alianza katika wilaya yake mpango wa kuwapa watoto wadogo vitabu bure hadi watimize miaka mitano. Kufikia mwaka 2023 mpango huo ulikuwa umetoa vitabu zaidi ya milioni 200 katika nchi kadhaa. Mwenye kitu chake huweza kutoa. Aliyekwisha kuuza, atatoa nini?

MASHINE YETU

Wanachama wenzetu, mnajua tunakokwenda. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, ambaye hatutamtaja jina kwa sababu ni mtu mstaarabu na amekuja kwa heshima, ametoa pendekezo. Atalipa deni lote lililobaki la mashine yetu ya kusaga, Sh. 5,200,000 pamoja na riba yake. Matengenezo atabeba yeye. Sisi tumpe nusu ya mashine na nusu ya mapato, daima.

Wapo kati yetu wanaotaka tukubali, na hawakosei kuchoka. Umeme unakatika. Mota iliungua mwaka juzi, tukasaga kwa watu wengine miezi miwili. Ada za shule hazingoji. Tumewasikia, na kamati haikuja hapa kuwakemea. Imekuja na hesabu.

Mashine inatuachia Sh. 30,000 kwa siku baada ya umeme na posho ya msagaji. Kwa siku 26 za mwezi ni Sh. 780,000. Katika hizo tunalipa deni Sh. 400,000, zinabaki 380,000. Tukikubali pendekezo, deni halipo, lakini nusu si yetu, hivyo tunabaki na 390,000. Tofauti ni Sh. 10,000 tu kwa mwezi! Tuseme sasa tunatenga 80,000 kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, ili mota ikiungua tena tusihangaike. Tunabaki na 300,000. Basi kubaki na mashine nzima kunatugharimu Sh. 90,000 kwa mwezi. Sisi ni wanachama 30. Kila mmoja ni Sh. 3,000 kwa mwezi.

Kwa muda gani? Miezi 13. Mwezi wa kumi na nne deni limekwisha, na zile 780,000 zote ni zetu. Kwa upande wa mfanyabiashara, katika muda huo huo karibu fedha yake yote imesharudi, na nusu anaendelea kuila mpaka wajukuu wake. Yeye hajakosea, amepiga hesabu yake. Na sisi tupige yetu.

Lakini tuwe wakweli. Dolly alipokataa hakuwa na njaa. Wimbo wake ulikuwa umeshashika namba moja, alikuwa na mahali pa kulala na kesho yake. Kati yetu wapo ambao Sh. 3,000 kwa mwezi ni sukari ya nyumba nzima. Ni rahisi kwa mwenye duka kumwambia mwuza mchicha "vumilia". Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo mbele yenu, na mtalijadili kwenye mkutano mkuu: tukiamua kubaki na mashine, wale watakaolemewa wabebwe na mfuko wa jamii kwa miezi hiyo 13, waendelee kupata gawio lao bila kupunguzwa. Majina yao yasisomwe mkutanini. Mweka Hazina na wenye funguo watajua, inatosha. Tukishindwa kulibeba hilo, basi afadhali tumkubali mfanyabiashara, kuliko kuiokoa mashine kwa sukari ya wenzetu.

Na jambo moja la mwisho juu ya mashine. Unga wetu wa lishe, ule mchanganyiko wa mahindi, soya, ulezi na karanga, hakuuleta mtaalamu. Aliubuni mama mmoja humu ndani, baada ya kujaribu mara nyingi jikoni kwake. Kwenye mfuko jina lake halipo. Kamati inashauri liandikwe. Tusije tukawa sisi ndio yule bosi wa kwenye wimbo.

TUMALIZIE

Ndugu Mwenyekiti, wale makarani wa Boston walianza kwa kukutana saa ya chakula. Sisi tulianza chini ya mwembe, kila mtu na kigoda chake. Wao waliandika madai yao, sisi tumeandika hisa zetu. Mwaka wa kumi na moja unaanza Alhamisi ijayo saa kumi kamili jioni, na faini ya kuchelewa ni ile ile. Kila mmoja aje na daftari lake, aje amekwisha kufikiri juu ya mashine, na asije na la kuambiwa na jirani. Kura ni ya siri.

Tunawashukuru waume zetu waliobaki na watoto siku za mikutano, na wale waliotukopesha mabenchi ya leo. Tunawashukuru wageni wetu kwa michango yao. Na wale wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki katika miaka hii kumi, ambao hisa zao tulizikabidhi kwa watoto wao bila kupungua hata senti, tunawaombea wapumzike kwa amani. Hao saa zao za kazi zimekwisha.

Sisi zetu bado zinaendelea. Tuzifanye ziwe na mwisho mzuri.

Akina mama, hoyee!
Umoja wetu, hoyee!
Mashine, ...hiyo mtajibu kwenye mkutano mkuu.